Muhogo Uliokataa Kuwa Biskuti

Kijana aliyerithi ofisi yangu amenipigia simu mara mbili tangu nistaafu. Mara ya kwanza aliuliza kabati la ukutani linafunguliwaje, kwa kuwa kitasa chake kina tabia zake. Mara ya pili aliuliza afanye nini na vilivyomo. Vilivyomo ni biskuti.

"Madam, kuna pakiti imeandikwa dagaa na ndizi."

Nikamwambia hiyo asiifungue akiwa ndani ya jengo.

Ni yeye na wenzake walioniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kufundisha sayansi ya chakula, nao wameniomba kwa adabu ambayo watu huitumia kwa mgonjwa. Vyeo sitavigusa, karibu vyote nilivyopata vilikuwa vya kukaimu. Mshahara mnaujua, maana ndio huo huo mnaopewa nyie. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, hasa ile siku ya muhogo, kwa sababu nimegundua inasimuliwa vibaya kwenye chumba cha walimu.

Nilianza katika chuo chetu cha Temeke nikiwa na shahada mpya, viatu vya kisigino, na imani kwamba chakula huanzia maabara. Somo langu la kwanza lilikuwa jibini. Kwa saa mbili nilieleza jinsi jibini linavyokomaa, kwa darasa la vijana wa Tandika na Mbagala ambao hawakuwahi kulionja, wakifundishwa na binti wa Singida ambaye naye alikuwa ameliona likiwa limefungwa. Vitabu vyetu vilitoka mbali na vilijaa tufaha. Mwishoni msichana mmoja wa nyuma alinyoosha mkono.

"Samahani, Madam. Na nyanya?"

"Nyanya zimefanyaje?"

"Zinaoza. Kwetu zinamwagwa kila jioni. Hizo tutasoma lini?"

Nilimjibu kwa kujiamini kwamba nyanya zipo muhula wa pili. Muhula wa pili ulipofika, kulikuwa na siagi.

Aliyenitoa kwenye siagi ni Mwalimu Sanga, mkubwa wangu wa kwanza kazini. Huyu alitembea na kifaa kidogo cha kupimia sukari kwenye maji ya tunda. Unadondosha tone juu ya kioo, unakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia kama darubini. Alikuwa nacho mfukoni mwa shati hata akienda msibani. Tukipita kwenye meza ya matunda anaomba chungwa moja, analikata, anachungulia, halafu anaanza maswali: limetoka wapi, lilichumwa lini, lilisafiri juu ya nini, na yaliyopondeka yanakwenda wapi. Wauzaji walimfahamu.

"Mzee, leo unanunua au unapiga tena picha?"

Alinunua, kila mara. Halafu ananiambia kwamba namba niliyoisoma kwenye kioo ni nusu tu ya jibu, nusu nyingine anayo dereva wa lori. Mie wakati huo nilidhani ni uzee. Alipostaafu aliniachia kifaa hicho na maagizo ambayo nawapeni nanyi: kifutwe kwa kitambaa laini na maji safi, kisifutwe kwa shati, na kisiachwe dirishani.

Ilinichukua miaka kugeuza maswali yake kuwa somo. Nilianza na ndoo. Muhula mmoja niliwaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kila mmoja aje na ndoo ya taka za jikoni kwao, za jana, tuzipime na kuzichambua, tuone nyumba zetu zinatupa nini na kwa nini. Niliandaa mizani, glavu, magazeti ya kutandika chini. Nilijiona mwanamapinduzi.

Wakaja na ndoo, na ndoo zote ziling'aa. Ndani mlikuwa na maganda ya viazi yaliyooshwa na kupangwa kwa ukubwa. Kijana mmoja wa Kinondoni alileta maganda ya ndizi ndani ya bakuli lenye mfuniko. Harufu hakuna, mabaki ya ugali hakuna, mchuzi uliochacha hakuna.

"Hizi ndizo taka za kwenu?"

"Ndizo, Madam."

"Na ugali ulioungua?"

Mmoja akasema kwa upole, kama anayemwelimisha mgeni, "Madam, sasa mama angeniruhusu vipi nikuletee mwalimu wangu uchafu?"

Data yangu yote ya siku hiyo ilikuwa heshima. Niliandika ubaoni kwamba familia za Dar es Salaam hutupa vitu visafi mno, tukacheka, tukaanza upya wiki iliyofuata kwa kwenda wenyewe kuangalia jalala la soko. Jalala halimjui mwalimu.

Ningesema hapo nilielewa, lakini sikuelewa. Mwaka uliofuata tulikwenda Kimbiji kwa somo la muhogo. Muhogo, kwa wale mnaofundisha vinywaji, una tabia ya kukera: ukishang'olewa, baada ya siku moja au mbili mishipa ya ndani huanza kuwa ya bluu, halafu nyeusi, halafu mnunuzi anautazama kama umemtukana. Kule wanaulima vizuri sana, ila barabara ya kutoka inataka subira, na masika inataka maombi. Tulitaka kufuata mzigo mmoja kutoka shambani hadi kwenye karai la mafuta huku mjini. Mwenyeji wetu alikuwa Bwana Shomari, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, mtu wa rika langu, mwembamba, mkarimu kupita kiasi.

Tulifika saa ya chakula. Tukatandikiwa jamvi, tukaletewa wali wa nazi, kuku na soda. Mchele ulitoka Mbeya. Kuku alitoka mjini, kwenye barafu, kwa barabara ile ile tuliyoilalamikia asubuhi. Nikamuuliza Bwana Shomari kwa sauti ndogo kama kuna muhogo wa kuchemsha.

"Upo, Mwalimu, tunakula sisi. Nyie ni wageni."

Wanafunzi wangu wakaandika kwenye ripoti kwamba chakula kikuu cha Kimbiji ni wali.

Sasa biskuti. Sijui nani aliianzisha desturi hii, nashuku ni mimi katika moja ya ukaimu wangu. Mradi wa mwisho wa mwanafunzi ulipaswa kutoa bidhaa: kitu kipya, ndani ya pakiti, chenye lebo, kinachowekwa mbele ya jopo la kuonja pamoja na glasi ya maji ya kusukutua. Na kwa kuwa tulikuwa na oveni moja na ngano haikosekani dukani, kila bidhaa ilikuwa biskuti. Viazi vitamu vilikuwa biskuti. Mlonge ulikuwa biskuti. Mabungo, mbegu za maboga na dagaa, vyote vilipita kwenye oveni ile. Nimekula biskuti hizo miaka yote, nikajaza alama za rangi, harufu na mkatiko, na sijawahi kuziona hata siku moja zikiuzwa popote. Mwanafunzi akihitimu, mkulima anaendelea kupeleka sokoni kilekile kwa njia ile ile, na sisi tunafunga kabati.

Zuhura ndiye aliyekataa. Alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, binti wa Mtoni, mkimya lakini si mpole. Mama yake anakaanga mihogo karibu na Barabara ya Kilwa, na alikuwa ameacha kununua ya Kimbiji kwa sababu ilimfikia ikiwa na mishipa. Zuhura alikuja ofisini na mpango wake wa mradi: kuufikisha muhogo wa Kimbiji mjini ukiwa mzima. Wiki mbili kabla ya kuvuna unakata majani na matawi, unabakiza shina fupi. Majani yanakuwa kisamvu, hayatupwi. Unang'oa bila kuchubua, unaacha kikonyo, unapanga kwenye tenga ndani ya maranda ya mbao yaliyoloweshwa kidogo. Maganda baadaye yanaanikwa yakauke, ndipo wapewe mbuzi. Kila hatua ilikuwa na mtu wake na sababu yake. Ulikuwa mpango mzuri kuliko wowote niliowahi kuusimamia.

"Na bidhaa?" nikamuuliza.

"Muhogo, Madam."

"Muhogo ni malighafi. Bidhaa."

"Muhogo uliofika."

Ilibidi nimkumbushe alichokijua. Alishawahi kurudia mwaka baada ya kuugua, na kanuni zetu haziruhusu kurudia mara mbili. Akifeli mradi huu, anaondoka chuoni bila cheti, miaka yote ile imekwenda. Nikampa ushauri wa mtu mzima, yaani woga uliovaa miwani: afanye mradi wake, ila pembeni atengeneze na biskuti kidogo, ya usalama.

"Biskuti ya nini, Madam? Wenyewe unaozea njiani."

Nilisaini. Mkuu wa idara aliponiuliza kama najua ninachokifanya, nilimwambia ndiyo, na nikaenda kunywa maji.

Mpango wa siku ya mwisho ulikuwa hivi. Mihogo ivunwe Kimbiji siku ya Ijumaa, ikae kwenye maranda ghalani kwa Bwana Shomari hadi Alhamisi, siku ya jopo, iletwe chuoni alfajiri, ichemshwe mitupu bila nazi wala chumvi, jopo lione na kuonja. Matenga mawili madogo yalipelekwa Mtoni Jumamosi kwa Mama Zuhura, ayaweke chini ya meza yake ya biashara na kuijaribu siku hadi siku. Mama hakuupenda mpango.

"Wageni wenu mtawapa muhogo mkavu?" aliniuliza. "Hata kachumbari? Mwalimu, mie ninao uso mjini hapa."

"Tunapima muhogo, Mama Zuhura, hatupimi mapishi."

"Haya. Lakini wakiuliza nani kapika, msinitaje."

Alhamisi ilifika. Mtahini wa nje alikuwa profesa kutoka chuo cha bara, mtu mrefu, mwenye kalamu iliyofungwa kwa kamba shingoni, na sifa ya kutocheka. Kabla ya Zuhura alikuwa ameshapewa biskuti za aina tatu. Maabarani, tenga la Kimbiji lilikuwa limefika kwa pikipiki. Zuhura alilifungua, akachukua muhogo mmoja, akaugeuza, akachukua mwingine. Nikaona mabega yake yanashuka.

"Madam, njoo uone."

Mchanga ulikuwa bado mbichi. Penye kikonyo utomvu mweupe ulikuwa unatoka. Muhogo uliolala kwenye maranda tangu Ijumaa kikonyo chake hukauka kikawa na kovu. Hii ilikuwa imeng'olewa jana.

Nilimpigia Bwana Shomari. Alipokea kwa furaha.

"Imefika, Mwalimu? Safi?"

"Imefika. Bwana Shomari, hii si ile ya Ijumaa."

"Aa, ile ipo hapa hapa, sijaigusa. Nimesikia wanakula maprofesa. Nikasema, haiwezekani. Nimewang'olea mipya, ile minono ya bondeni, jana jioni kwa mkono wangu."

"Lakini tulikubaliana ile ile ya zamani."

"Tulikubaliana, ndiyo. Ila nikafikiri mwanangu Zuhura ataaibika."

Nikamshukuru. Ungemfanyaje? Nikaikata simu, tukabaki tunatazamana mimi na Zuhura, na tenga la mihogo mizuri kabisa isiyo na faida yoyote kwetu. Ya ghalani isingefika kabla ya saa sita, na jopo lilikuwa linanyanyuka kuja.

Wenzangu, sitajifanya wazo halikunipitia. Mihogo ile ingechemka myeupe, laini, na hakuna mtu katika jopo ambaye angejua umri wake. Sikulisema. Nadhani halikuhitaji kusemwa. Zuhura alikuwa analitazama pia, lipo pale mezani kati yetu. Akafunika tenga.

"Nitawaambia," akasema. "Mama bado anayo miwili mitatu, labda."

Nilipompigia mama yake, nilisikia mafuta yanalia.

"Mama Zuhura, ile mihogo ya kwenye maranda bado ipo?"

"Ipo mitatu. Ndiyo naimenya hii."

"Usimenye. Mpe bodaboda ailete chuoni, sasa hivi."

"Kuna nini? Mwanangu kafeli?"

"Bado. Ndiyo maana nakuomba."

Jopo liliingia. Zuhura alisimama mbele ya tenga lililofunikwa, mikono nyuma, akawaambia: mihogo iliyoletwa asubuhi hii ni mipya, mkulima ameibadilisha kwa kuwaheshimu nyie, kwa hiyo haithibitishi chochote na hatawapa. Ya majaribio iko njiani kutoka Mtoni. Anaomba wamsubiri.

Profesa akaangalia saa, akaangalia fomu yake.

"Na bidhaa yako iko wapi?"

"Ndiyo hiyo iliyo njiani, Profesa."

"Nasoma hapa ni muhogo wa kuchemsha."

"Ndiyo."

"Nimesafiri kutoka bara kuja kula muhogo wa kuchemsha."

"Nao umesafiri, Profesa. Ndiyo mradi wenyewe."

Mkuu wa idara akakohoa. Mimi nikajishughulisha na jiko, nikawasha gesi chini ya sufuria ya maji kwa umakini ambao maji hayakuuhitaji. Wakati tunasubiri, Zuhura alieleza kazi yake, na hapo kidogo kidogo nikaona kalamu ya Profesa inaanza kutembea. Aliuliza juu ya maranda: yanatoka wapi, mbao zake zilipakwa dawa? Zuhura alijibu kwamba alichukua kwa fundi anayeranda mbao zisizo na dawa, na alikataa ya karakana mbili. Akauliza mkulima anapoteza nini kwa kukata majani mapema. Akajibiwa wanga hupungua kidogo, muhogo unakuwa na sukari zaidi, na wateja wa Mtoni hawajalalamika. Nilimwazima kifaa cha Mwalimu Sanga kwa swali hilo, na kabla hajakiinua Profesa alimwambia akifute kwanza.

Bodaboda alipiga honi nje. Mfuko wa plastiki ulikuwa na mihogo mitatu, mmoja umemenywa nusu, na kipakiti cha kachumbari kilichofungwa vizuri. Mama Zuhura hakuweza kujizuia. Zuhura alikiweka kando.

Akaikata mbele yao, kwa upana, vipande vinene. Nimetazama mihogo mingi ikikatwa lakini ile niliitazama kwa shingo. Wa kwanza ulikuwa mweupe hadi katikati. Wa pili mweupe. Wa tatu, ule ulioanza kumenywa, ulikuwa na mstari mmoja wa bluu karibu na ncha, mwembamba kama uzi, na Zuhura akauonyesha yeye mwenyewe kabla mtu hajauona, akasema huu ulichubuliwa wakati wa kung'oa, alama yake hii hapa juu ya ganda. Halafu akaichemsha, yote mitatu.

Profesa alikula kipande. Alisukutua kwa maji kama inavyotakiwa. Akala cha pili.

"Hii si bidhaa mpya," akasema mwishowe. "Huu ni muhogo tu."

"Ndiyo, Profesa," Zuhura akajibu. "Wa Ijumaa."

Hakucheka. Lakini alivuta ule mfuko mdogo wa kachumbari, akaufungua, akamimina pembeni ya sahani yake, akawasogezea wenzake. Hakuna aliyejaza tena safu ya harufu na mkatiko. Nilipokusanya sahani zilikuwa hazihitaji kupanguswa.

Walikaa kikao jioni hiyo hiyo, nami kama msimamizi nikatolewa nje. Mkuu wa idara alitoka akaniambia amepita, kwa sharti aongeze ukurasa mmoja unaoeleza kwa nini hakuna lebo. Zuhura aliuandika huku amesimama. Siku hizi kanuni ya mradi inakubali bidhaa "au badiliko lililothibitishwa katika safari ya chakula", maneno mabaya kidogo, niliyatunga mimi. Yatumieni. Pelekeni wanafunzi kwenye barabara, kwenye ghala, kwenye karai na kwenye zizi la mbuzi, na mnapoandaa jaribio mkumbuke kwamba watu wetu wakiwapenda wataliharibu kwa wema. Wekeni daima sampuli mahali pengine.

Jioni ile nilimpigia Bwana Shomari, maana alikuwa ameshatuma ujumbe mara nyingi.

"Walikula, Mwalimu?"

"Walikula wakamaliza."

"Ile minono?"

"Hapana. Ile ya Ijumaa. Ilikuwa Mtoni kwa mama yake."

Akanitaka nirudie, nikarudia.

"Mmewalisha maprofesa muhogo wa tangu Ijumaa."

"Ndiyo."

"Na binti wamempitisha?"

"Wamempitisha, Bwana Shomari. Amemaliza chuo."

Akavuta pumzi ndefu.

"Basi hao," akasema, "ni watu wenye roho nzuri sana."